Tarakilishi Kongwe Shuleni: Tutengeneze, Tuboreshe au Tununue Mpya?

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10. Watumiaji wa kawaida waliopenda waliruhusiwa kujiandikisha wapate marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, yaani hadi Oktoba 2026. Aliyetaka kuhamia Windows 11 aliambiwa kuwa mashine yake sharti iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0 na, kwa zile zinazotumia prosesa za Intel, ziwe aghalabu za kizazi cha nane au zaidi. Kizazi hicho kiliingia sokoni mwaka wa 2017. Kwa ufupi, mamilioni ya tarakilishi duniani zilizokuwa zikifanya kazi usiku wa tarehe 13 ziliamka zikiitwa mikangafu, ingawa hakuna msumari uliokuwa umelegea ndani yake.

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Shauri Moyo, Bahati na Kaloleni hadi Majengo na Buruburu, habari hiyo iliwakuta walimu wakiwa tayari na kilio cha zamani: tarakilishi zetu ni za polepole. Mwalimu anaiwasha mashine, anakwenda kunywa chai, anarudi kuikuta bado inazungusha kiduara. Mwanafunzi wa kidato cha nne anahifadhi kazi yake, skrini inaganda, kengele inalia. Katika hali hiyo ni rahisi mno kwa mkutano wa bodi kupitisha azimio moja tu: tutupe hizi, tununue mpya.

Mimi nina maoni tofauti. Sisemi kwamba kila mashine kongwe inafaa kuhifadhiwa. Nasema kwamba shule nyingi zinaamua kabla ya kuchunguza, na kwamba gharama ya uamuzi huo wa haraka inalipwa na mzazi ambaye karo yenyewe anaidunduliza kwa kuuza nguo kuukuu. Tujiulize kwanza: je, tatizo la mashine hii ni la kutengenezwa, la kuboreshwa, au ni la kubadilisha mashine nzima? Hayo ni maswali matatu tofauti, na kila moja lina bei yake.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo kando ya mambo mazito yanayoikabili elimu yetu. Si dogo. Siku hizi karibu kila shughuli ya mwalimu wa Kenya inapitia kwenye tarakilishi. Tathmini ya utendakazi wake hujazwa mtandaoni katika mfumo wa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Usajili wa watahiniwa na alama za tathmini za shuleni hupelekwa kwa Baraza la Mitihani kwa njia iyo hiyo. Mwanafunzi anayelichukua somo la Masomo ya Kompyuta katika KCSE, lenye nambari 451, ana karatasi ya vitendo na mradi wa kuunda mfumo unaofanya kazi. Huwezi kuufanya mradi huo kwa chaki. Kwa hiyo mashine inayoganda humla mtoto alama, humla mwalimu saa za usiku, na aghalabu humsukuma mwalimu huyo kwenda kwenye chama chake cha ushirika kuomba mkopo wa kununua ya kwake. Mkopo huo hukatwa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi, pengine kwa sababu ya kipuri kimoja kilichochoka.

Kama kuna mahali nchini panapoweza kutufundisha namna ya kuamua, basi ni Gikomba. Watu wengi huijua Gikomba kwa mitumba tu. Kweli, ni soko mashuhuri kuliko yote nchini kwa nguo zilizovaliwa ng'ambo, biashara iliyopanuka baada ya milango ya uagizaji kulegezwa mapema katika miaka ya 1990. Lakini Gikomba na jirani yake Kamukunji ni chuo kikuu cha ukarabati. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliitembelea Kenya na kuandika ripoti iliyouonyesha ulimwengu kwamba watu waliodhaniwa hawana ajira walikuwa kazini, wakizalisha mali kando ya barabara. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi hao wa jua kali na kuahidi wajengewe vibanda, na mwaka wa 1992 serikali ikatoa waraka maalumu wa kisera kuhusu biashara ndogo na sekta ya jua kali. Waliosifiwa katika nyaraka hizo ni watu ambao ujuzi wao mkubwa ni kukitazama kitu kilichoharibika na kujua kama kingali na uhai.

Mtazame fundi cherehani wa Gikomba anapoletewa shati. Halishoni mara moja. Huligeuza, hulivuta mshono, huliinua kwenye mwanga. Nimemsikia mmoja akimwambia mteja wake, "Mwalimu, hili limekula ukosi tu, mwili ungali mzima. Nitageuza ukosi ulivae miaka mingine miwili." Shati la pili alilirudisha bila kuligusa. "Hili, mwalimu, ukilitia sindano linachanika pembeni. Usinipe pesa zako bure." Katika sentensi hizo mlikuwa na elimu yote ninayoitafuta. Fundi alitofautisha kasoro ya sehemu na uchakavu wa kiini. Wala hakuuliza shati limenunuliwa mwaka gani. Aliuliza ni kipi kilichokufa ndani yake.

Sasa tuitie tarakilishi kwenye mwanga huo. Mashine huwa ya polepole kwa sababu zinazojulikana, wala si uchawi.

Sababu ya kwanza, na iliyoenea kuliko zote katika mashine za umri wa miaka minane na zaidi, ni diski kuu. Tarakilishi za zamani zilihifadhi kazi kwenye diski yenye sahani zinazozunguka, na kijiti chenye kichwa cha kusomea kinachohama huku na huko mfano wa sindano ya santuri. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kila kichwa kinapokwenda kutafuta jambo jipya hupotea takriban sehemu 10 za elfu za sekunde. Ni muda mfupi sana, lakini mfumo endeshi unapowaka huomba mambo maelfu kwa maelfu. Diski za kisasa za aina ya SSD hazina kitu kinachozunguka. Zinasoma kwa umeme mtupu, na hujibu maombi mengi kwa muda ambao ile ya zamani hujibu moja. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika tano kuwaka huweza kuwaka kwa chini ya dakika moja, na hapo hatujagusa kingine chochote.

Sababu ya pili ni uchache wa kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile iitwayo RAM. Ifikirie kuwa ni meza ya mwalimu. Meza ikiwa ndogo, kila anapotaka daftari jipya hulazimika kurudisha jingine kabatini. Tarakilishi yenye gigabaiti 2 au 4 ikifunguliwa kurasa kumi za intaneti, hushinda ikihamisha vitu kati ya kumbukumbu na diski. Na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, basi balaa huwa maradufu.

Sababu ya tatu ni joto na vumbi. Hapa Eastlands vumbi halihitaji kutambulishwa. Huziba feni na mapezi ya kupoozea, na ile nta inayopeleka joto kutoka kwenye prosesa hukauka baada ya miaka. Prosesa ikipata joto jingi hujipunguzia kasi kwa makusudi ili isiungue. Mwalimu huona uzee, kumbe ni homa.

Sababu ya nne ni mizigo ya ndani: programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi, programu mbili za kupambana na virusi zinazopigana zenyewe kwa zenyewe, na virusi vyenyewe vinavyosafiri kwenye flashi za wanafunzi kutoka mkahawa wa intaneti hadi maabara ya shule. Kikulacho ki nguoni mwako. Hili ni tatizo la kusafishwa, halihitaji hata shilingi ya kipuri.

Sababu ya tano, ambayo ndiyo pekee inayodai mashine nyingine moja kwa moja, ni udhaifu wa prosesa yenyewe au kufa kwa bamba kuu. Prosesa haibadilishiki kwa urahisi katika tarakilishi nyingi za kupakatwa. Bamba kuu lililokufa huweza kufufuliwa na fundi hodari, lakini bei ya ufufuo huo mara nyingi hukaribia bei ya mashine iliyotumika yenye hali njema.

Je, mwalimu asiye fundi atazijuaje sababu hizi? Katika mashine yoyote ya Windows, abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Kitafunguka kidirisha kinachoonyesha kwa asilimia kazi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Aitumie mashine kama kawaida huku akitazama. Diski ikikaa kwenye 100 ilhali prosesa imetulia, mgonjwa ni diski. Kumbukumbu ikipita 90 akiwa amefungua mambo ya kawaida tu, meza ni ndogo. Prosesa ikikaa kwenye 100, achunguze kwanza ni programu gani inayoila. Ikiwa ni ngeni, ashuku virusi. Ikiwa ni kazi ya halali na mashine ni baridi na safi, hapo ndipo umri umesema neno lake. Uchunguzi huu ni wa dakika kumi, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuufanya na kuandika matokeo daftarini. Kwa kweli, sioni somo bora la vitendo kuliko hilo.

Baada ya uchunguzi, hesabu. Nachukua mfano wa kubuni, na msomaji anaweza kuweka bei za siku anayosoma. Tuseme shule ina tarakilishi 20 za polepole, darasa la wanafunzi 40, na bajeti ya shilingi 200,000. Tuseme mashine mpya ni shilingi 50,000, na diski ya SSD pamoja na kumbukumbu ya ziada na ujira wa fundi ni shilingi 8,000 kwa mashine. Ukinunua mpya, unapata nne. Wanafunzi kumi wanaizunguka kila moja, na anayeshika kibodi ni yule mwenye viwiko vikali. Ukichunguza ukakuta tano kati ya ile 20 haziponi, unaboresha 15 kwa shilingi 120,000. Zinabaki 80,000. Unanunua moja mpya kwa kazi nzito za mwalimu, na shilingi 30,000 zinasalia kwa usafishaji, betri na vifaa vya kuzuia mshtuko wa umeme. Una mashine 16, na katika kila moja wanaketi wanafunzi wawili au watatu. Zile tano zilizokufa zinawapa wenzao vipuri: kibodi, chaja, skrini, vipande vya kumbukumbu vinavyolingana.

Tuseme mpinzani anauliza: lakini hiyo mpya itadumu? Naam, tuipe miaka sita. Shilingi 50,000 kwa miaka sita ni kama 8,300 kwa mwaka. Iliyoboreshwa kwa shilingi 8,000, hata ikidumu mwaka mmoja tu, haijatutia hasara. Ikidumu miaka mitatu, kila mwaka umetugharimu chini ya shilingi 2,700. Ndiyo maana napendekeza kanuni nyepesi: mashine isiyohitaji zaidi ya robo ya bei ya badala yake iboreshwe, inayodai nusu au zaidi iachwe, iliyo katikati iamuliwe kwa kutazama kama vipuri vyake vinapatikana na kama ina kazi maalumu. Katika hesabu hiyo bei ya badala isiwe ya mashine mpya tu. Iwe pia ya iliyotumika yenye uwezo sawa.

Hapa nitaulizwa juu ya lile jambo nililoanza nalo. Inafaa nini kuboresha mashine ambayo Windows 11 inaikataa? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Mfumo usiopata marekebisho ya usalama ni nyumba ambayo kitasa chake kimekwisha kujulikana na wezi. Haifai kuutumia kwa akaunti za benki, alama za mtihani au taarifa za siri za wanafunzi huku umeunganishwa na intaneti. Lakini pana njia tatu. Ya kwanza ni kupima vizuri: mashine nyingi za mwaka wa 2018 na kuendelea zina chipu inayotakiwa ila imezimwa katika mipangilio ya ndani, na kuiwasha hakugharimu kitu. Ya pili ni kuiacha mashine na mfumo wake wa zamani bila intaneti, kwa mazoezi ya kuchapa, majedwali na hifadhidata tu, na kuzidhibiti flashi. Ya tatu ni kuhamia Linux, mfumo huria usiolipishwa ambao matoleo yake mepesi hufanya kazi vyema kwenye mashine za gigabaiti 4.

Wapo wanaodhani Linux ni jambo la wazungu wa maabara. Wakumbuke kwamba mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili sanifu. Lugha yetu iliingia kwenye menyu za tarakilishi kupitia mlango huo wa programu huria, kwa kuwa mlango huo haukuwa na kufuli. Mwalimu wa Kiswahili angefaa kulijua hilo kabla ya mwalimu wa hisabati.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya mwalimu wa somo la 451. Wanafunzi wake wamezoea programu za Microsoft za hifadhidata na uchapishaji, na mwezi wa mtihani si mwezi wa kujifunza vitufe vipya. Mashine za watahiniwa zibaki na mfumo waliouzoea, nazo ziwe ndizo za kwanza kuboreshwa au kubadilishwa. Zile nyingine za kusomea, kuandikia na kutafuta habari zihamie Linux. Maabara si lazima iwe jeshi la sare moja.

Kuna nyakati ambapo kubadilisha ndiyo hekima. Tarakilishi ya zamani sana, ambayo kumbukumbu yake imegandishwa kwenye bamba na haiongezeki, yenye betri iliyovimba na bawaba zilizokatika, iageni kwa heshima. Betri iliyovimba ni hatari ya moto na haifai kungojewa hata juma moja. Lakini kununua kuna elimu yake pia, na hapa tena Gikomba hutangulia. Wachuuzi wanaofungua marobota hujua kwamba nguo za robota moja si sawa: zile bora kabisa huziita kamera, na zile za mwisho zisizotakiwa huziita fagia. Tarakilishi zilizotumika ambazo huingia nchini kwa makontena zina kamera na fagia zake. Zile zilizotoka ofisi kubwa za ng'ambo, zilizotumika miaka mitatu au minne, hujengwa imara kuliko mpya za bei ya chini. Anayenunua aulize kizazi cha prosesa, aina ya diski na saa zilizotumika, uwezekano wa kuongeza kumbukumbu, na udhamini wa maandishi. Akiambiwa tu kwamba "ni safi kabisa", ajue anaonyeshwa ukosi wa shati.

Kuhusu kununua mpya kwa pupa, historia yetu ya karibuni ina funzo. Katika kampeni za mwaka wa 2013 Wakenya waliahidiwa tarakilishi za kupakatwa kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikaishia mahakamani, mradi ukageuzwa, na kuanzia 2016 vifaa vikaanza kusambazwa kupitia miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi na mwingine wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kila kimoja na kampuni ya kigeni. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi. Kazi hiyo haikuwa ndogo, na nguzo za umeme zilifika mahali ambapo hazingefika. Lakini kifaa hakisimami kwa kununuliwa tu; husimama kwa kutunzwa, na fungu la kutunza ndilo ambalo wapangaji wa bajeti hulisahau. Kununua kuna sherehe, hotuba na picha za magazetini. Hakuna waziri ambaye amewahi kukata utepe wa feni iliyosafishwa.

Wala tusidhani kwamba uchakavu wote huja kwa bahati. Katika miaka ya 1920 watengenezaji wakuu wa balbu za taa waliunda chama kilichoitwa Phoebus, wakakubaliana kuyafupisha maisha ya balbu hadi saa 1,000. Mwaka wa 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya simu zenye betri kuukuu, na mwaka wa 2020 ikatozwa faini ya yuro milioni 25 nchini Ufaransa kwa kutowaarifu wateja. Mwanasayansi Niklaus Wirth wa Uswisi aliandika mwaka wa 1995 kwamba programu huzidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 2024 sheria ya kumpa mteja haki ya kutengenezewa kifaa chake, baada ya majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo New York na California, kutunga zao. Nasi wenye Gikomba, tulioishi na haki hiyo bila kuiandika, twahitaji kuiandika kabla hatujauziwa vifaa vilivyogundishwa kwa gundi visivyofunguka.

Kisha kuna swali la mwisho ambalo wanaosema "tupa" hawalijibu: tutupe wapi? Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kuwa zilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Hapa kwetu takataka za jiji huishia Dandora, mashariki mwa Gikomba. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti uliowapima watoto na vijana 328 waishio karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Sumu hiyo ilitoka kwenye taka za aina nyingi, wala si tarakilishi peke yake. Lakini tarakilishi ina risasi ndani yake, na mtoto anayechoma nyaya ili auze shaba ni wa umri wa mwanafunzi wetu. Pengine ni mwanafunzi wetu.

Isitoshe, shule ya umma haina ruhusa ya kuipeleka mashine kwa mchuuzi wa vyuma jioni kimyakimya. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka kamati ya kuondoa mali ikae na kuamua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tulinde taarifa za wanafunzi, na diski isiyofutwa ina majina, alama na nambari za simu za wazazi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo imemtwika mtengenezaji na mwagizaji jukumu la kifaa hata baada ya kufa. Bodi zetu zianze kuwauliza wauzaji, kabla ya kutia saini: mtakirudisha lini na vipi?

Najua shule moja ya Eastlands, ambayo jina lake nalihifadhi, iliyozifungia stoo tarakilishi zake zaidi ya kumi kwa kuambiwa na muuzaji kwamba zimekwisha muda. Muuzaji huyo ndiye aliyekuwa na mpya za kuuza. Hapana fundi mwingine aliyeulizwa. Panya wa stoo ndio waliozitumia kwa mihula mitatu, huku wanafunzi wakijifunza sehemu za kibodi kwa mchoro wa ubaoni. Mganga asiwe ndiye muuza majeneza.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kila shule iwe na daftari la mashine, moja baada ya nyingine: umri, diski, kumbukumbu, ugonjwa na tiba. Uchunguzi ufanywe na mtu asiyeuza mashine. Katika kila bajeti ya kununua, sehemu itengwe kwa matunzo, na isihamishiwe kwenye mambo mengine. Na vyuo vya ufundi vya kaunti vipeleke wanafunzi wao mashuleni kufanya kazi hizo kwa mazoezi. Watapata ujuzi, nasi tutapata mashine.

Wahenga wa lugha hii walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahunzi wa Kamukunji hawakuisoma methali hiyo vitabuni. Koleo likivunjika asubuhi, mchana huwa limekwisha kuungwa au limekwisha kuyeyushwa liwe kitu kingine, na kazi inaendelea. Mwalimu, kabla hujatia saini fomu ya mkopo, na bodi, kabla hamjapitisha azimio, fungueni kwanza hiyo mashine muitazame ndani.